Alteneta ilikufa nikiwa juu ya Mombo: nilichofanya, nilichokosea, na namna betri inavyoisha huku unaiangalia

Mbawa za Pwani (mwanzisha uzi)

Wakuu habari za jioni. Kuna mtu juzi aliuliza humu ndege ndogo ya mtu binafsi ikikata umeme angani inakuwaje, kila mtu akajibu lake, wengine wakasema injini inazima palepale mnadondoka kama embe. Nikaona hapana, ngoja niandike hili jambo kwa urefu kwa sababu limenikuta mwenyewe, na kwa sababu naamini kabisa kwamba kinachomuua rubani siku ya kukata umeme siyo umeme kukatika, ni zile dakika anazozipoteza kabla hajaamua kwenda kutua.

Ndege ilikuwa Cessna 172P, ya zamani kidogo, geji za mishale, mfumo wa volti 28, nilikodi kwa mtu (simtaji, siyo lengo la uzi). Tulikuwa wawili, mimi na shemeji yangu, tunatoka Dar kwenda Arusha. Tulipanga kuondoka saa nane, mafuta yakachelewa, tukaondoka saa tisa na nusu alasiri. Tukavuka Wami tukaikuta barabara kuu pale Segera, na kuanzia hapo sisi tunaorusha kwa macho tunaipenda sana hii njia maana huwezi kupotea, unashika lami na reli, Korogwe, Mombo, Same, Mwanga, milima ya Usambara na Upare iko kulia kwako mwendo wote kama ukuta. Nilikuwa futi 6,500, hewa imetulia, mawingu ya jioni yameanza kujijenga juu ya Usambara.

Saa kumi na dakika hamsini, karibu na Mombo, nikainama kuokota kalamu. Nilipoinuka ndiyo nikaiona taa ndogo nyekundu ya volti ndogo imewaka. Jua la jioni lilikuwa linapiga dashibodi kutoka kushoto, ile taa ilikuwa imemezwa na mwanga mpaka niliposogeza kichwa. Nikaangalia geji ya ampea, mshale umelala upande wa kutoa. Maana yake alteneta, ile mashine inayozungushwa na injini kuzalisha umeme, haizalishi kitu, na kila kilichowaka humo ndani, redio mbili, transponda (kifaa kinachojibu rada), GPS, bikoni, taa za mbawa, vyote vinakula betri. Ilikuwa imewaka tangu lini? Sijui hadi leo, na hilo ndilo linaloniuma kuliko yote, inaweza kuwa dakika mbili au kumi na mbili.

Kwa ambao hawajui mfumo, uchukulie hivi: alteneta ndiyo mshahara, betri ni akiba. Mshahara ukiingia unalipia kila kitu na kidogo kinarudi kwenye akiba. Mshahara ukikatika hakuna kengele inayolia, taa zinawaka vilevile, redio inaongea vilevile, unaishi kama jana, kumbe unakula akiba. Na akiba yenyewe ni ndogo. Hesabu ya wengi ni nusu saa ya vitu vya lazima tu, tena kwa betri nzima, na betri ya ndege ya kukodi inayopikwa na jua la Dar kila siku mimi siipi nusu saa.

Nikafanya kama kitabu cha ndege kinavyosema. Redio zote zima. Angalia saketi breka ya alteneta (swichi inayojikata yenyewe umeme ukizidi) kama imeruka, haikuwa imeruka. Halafu zima swichi kuu pande zote mbili, ule wa betri na ule wa alteneta, hesabu kidogo, washa tena. Hii ni kwa sababu kuna kifaa cha kulinda mfumo, volti zikipanda kupita kiasi kinaikata alteneta chenyewe, na ukizima na kuwasha unakipa nafasi ya kurudi. Taa ikazimika, nikashusha pumzi. Ikakaa kama nusu dakika ikawaka tena.

Hapo kitabu hakina cha kubembeleza: alteneta zima, usivyovihitaji zima, nenda katue mapema inavyowezekana.

Sasa hapa naomba msome taratibu maana ndipo uzi ulipo. Kichwa changu hakikutaka kwenda kutua, kilitaka Arusha. Kulikuwa na watu wanatusubiri, shemeji ana kikao asubuhi, na nilivyoangalia mbele njia ni nyeupe, injini inanguruma vizuri, dira ipo, saa ya mwendo ipo, kipimo cha kimo kipo, hivyo vyote haviendi kwa umeme. Tableti ya ramani ipo na ina betri yake. Nikajikuta nahesabu, kutoka Mombo hadi Arusha ni kama saa moja na robo, nitafika saa kumi na mbili na dakika chache, jua linazama saa kumi na mbili na nusu hivi, nitawahi. Wakuu, nimehesabu hivyo mara mbili. Mara ya pili ndiyo nikajisikia mwenyewe kwa sauti, “nitawahi”, nikaogopa. Maana huku kwetu karibu na ikweta jua likizama giza linakuja kwa haraka, hakuna jioni ndefu. Ukichelewa dakika ishirini tu kwa upepo wa mbele au kwa kuzunguka mawingu, unaingia Arusha gizani, huna taa ya kumulika wakati wa kutua, huna taa za mbawa, mnara haukusikii, wenzako hawakuoni, na kiwanja kiko pembeni ya Meru.

Nikageuka kwenda Tanga.

Hata hapo kulikuwa na mtego mwingine. Tanga ukikata moja kwa moja kutoka Mombo unapita juu ya Usambara, kule upande wa Amani, na mawingu ndiyo yalikuwa yanakaa huko. Nikasema hapana, narudi nilikotoka, barabara hadi Korogwe, halafu nafuata reli hadi Muheza, halafu Tanga. Inaongeza dakika tano hivi lakini chini yangu nina mashamba ya mkonge mwanzo mwisho, mistari iliyonyooka, na naona kila kitu. Dakika tano nazilipa kwa moyo mweupe.

Kabla sijazima kila kitu niliita watu wa taarifa za anga, mara moja tu, sentensi nimeziandika kwanza kwenye karatasi ili nisibabaike: alteneta imekufa, injini iko salama, nageuka kwenda Tanga kupitia Korogwe na Muheza kwa futi 5,500, watu wawili, mafuta ya saa mbili na nusu, nazima umeme wote, nitawaita Tanga nikiwa Muheza. Wakajibu wamesikia na watawapigia simu Tanga. Kusikiliza redio kunakula kidogo sana, ila ukibonyeza kitufe kuongea unakula mara kadhaa ya hapo, kwa hiyo ongea mara moja na useme yote.

Halafu nikamgeukia shemeji. Nilimwambia kabla, siyo baada, na nawasihi mfanye hivyo. Nikamwambia nitazima swichi moja sasa hivi, masikioni kutakuwa kimya kabisa, hatutasikiana mpaka tupige kelele, na ile mishale ya mafuta italala chini kama matanki yametoboka, usiogope, mafuta yapo, geji ndiyo zinatumia umeme. Injini haitazima. Akatikisa kichwa. Nikazima.

Ule ukimya wa headseti hauzoeleki. Interkomu inakufa, mlio wa injini unakuja mbichi kupitia chuma, na macho yanakwenda yenyewe kwenye geji za mafuta, zote mbili sifuri. Mimi nilijua na bado tumbo lilinikata. Baada ya dakika kama mbili shemeji akanigusa bega akaonyesha zile geji, uso umempauka. Nikamwonyesha saa yangu ya mkono na karatasi nilipoandika muda wa kuondoka na mafuta tuliyotia. Akatulia. Nikampa kazi ya kuangalia ndege nyingine na tai upande wake, na kweli alinionyesha kundi la korongo mbele ya Korogwe kabla sijawaona.

Juu ya Muheza nikawasha betri, redio moja tu, taa nyekundu inawaka lakini redio ikashika. Tanga walikuwa wananisubiri. Wakanipa upepo na ranwei, nikayarudia maneno yao kuthibitisha, basi.

Flapu, vile vibao vya nyuma ya mbawa vya kutulia polepole, sikushusha. Za 172P ni za umeme na mota yake inakula. Siyo hilo tu, kinachotisha ni ukishusha flapu zote halafu betri ikafa na ukalazimika kunyanyuka tena, zinabaki chini na ndege haipandi inavyotakiwa. Nikaja bila flapu, mwendo wa noti 70, pua juu kidogo kuliko nilivyozoea, ikaelea muda mrefu juu ya lami mpaka nikaanza kuhesabu alama, ikakaa. Saa kumi na moja na nusu. Shemeji hakusema neno mpaka tumefunga kamba za mbawa.

Kesho yake fundi alifungua kifuniko, akaniita nije nione kwa macho yangu. Nyuma ya alteneta kuna waya mwembamba, waya wa fildi, kichwa chake cha kufungia kilikuwa kimepasuka kwa mtikisiko, kimeshikiliwa na nyuzi mbili za shaba, ukikigusa kwa kidole kinacheza. Nyuzi mbili. Ndiyo maana ilirudi nusu dakika ikakata tena.

Makosa yangu mawili nayaweka hapa wazi. La kwanza, nilikuwa sijaweka ile geji ya ampea kwenye mzunguko wa macho yangu, naangalia mafuta, joto, presha, naruka hiyo. La pili, na hili ni zito, siku nne kabla nilirusha ndege hiyohiyo nikaona mshale wa ampea unatetemeka. Nilisema moyoni nitamwambia fundi, sikuandika kwenye kitabu cha hitilafu. Ningeandika mistari miwili angefungua kile kifuniko.

Karibuni, haswa mafundi.

---

Rubani Mtarajiwa

Mkuu asante sana nimesoma mwanzo mwisho. Mimi ndiyo naanza PPL (leseni ya rubani binafsi), nina saa 14 tu za kuruka, naomba kueleweshwa, kwa hiyo injini haizimi kabisa hata ukizima betri? Na kama haizimi inapata wapi moto wa plagi?

---

Mbawa za Pwani

Ndugu yangu, kwenye hizi injini za Lycoming na Continental za kawaida moto unatoka kwenye magineto. Ziko mbili, zinazungushwa na injini yenyewe, kila silinda ina plagi mbili, moja kwa kila magineto. Haziombi kitu kwenye betri. Ndiyo maana kabla ya kuruka mnapima kushoto na kulia. Na kwenye 172P mafuta yanashuka yenyewe kutoka kwenye mbawa.

Ila usiibebe hiyo kama sheria ya ndege zote, tafadhali sana. Injini za kisasa zinazoendeshwa na kompyuta zinahitaji umeme ili zizunguke. Mwezi Machi 2007 kule Speyer, Ujerumani, kuna Diamond DA42, injini mbili za dizeli, betri zilikuwa zimelala, wakaziwasha injini kwa umeme wa nje wakaruka. Walipopandisha magurudumu, mota yake ikavuta umeme, volti zikashuka, kompyuta za injini zikajizima kidogo na kuanza upya, injini zote mbili zikasimama kwa pamoja. Wakaenda chini shambani. Injini mbili, mafuta tele, kisa betri iliyolala. Kwa hiyo swali la kwanza kwa mwalimu wako liwe hili, hii ndege yetu ikikosa umeme kabisa ni nini kinaendelea na nini kinakufa? Uandike kwa mkono wako.

---

Fundi wa Hanga

Mbawa za Pwani umeandika vizuri, na mimi niongezee kwa upande wa spana.

Watu wanashangaa kwa nini betri ikiwa imelala kabisa alteneta nayo haifanyi kazi hata injini ikizunguka. Alteneta inahitaji umeme kidogo wa kuamshia, unaingia kwa huo waya wa fildi unaousema. Betri ikifa kabisa hakuna cha kuamsha. Kwa hiyo wale wanaosukuma propela kwa mkono ili wawahi safari na betri imekufa, mnaruka bila mshahara na bila akiba, nimeipenda hiyo mifano yako. Betri iliyolala inachajiwa au inabadilishwa chini, siyo angani.

Pili, mshale kutetemeka. Mshale wa ampea unaocheza ni kitu kinalegea, waya, brashi za alteneta, reguleta, au mkanda umelegea. Kwenye hizi Lycoming mkanda uko mbele pale nyuma ya propela, unauona, ukikagua ndege asubuhi chungulia uone kama umechanika au unang'aa pembeni (magineto zimezimwa, funguo iko mfukoni kwako, na mkono usiuweke kwenye njia ya propela kamwe).

Tatu, breka ikiruka. Naomba nisikike. Breka imeruka kwa sababu kuna joto au shoti mahali. Kama ni ya kitu ambacho si cha lazima kwa usalama wa safari, iache hivyohivyo mpaka chini. Kama ni ya lazima kweli, isubiri ipoe dakika moja mbili, irudishe mara moja. Ikiruka tena, hiyo imeisha, usiishikilie na kidole. Nimefungua ndege ambayo mtu alirudisha breka mara tatu, nyuma ya dashibodi plastiki ya waya ilikuwa imeyeyuka ikashikana na nyingine, nyeusi, inanuka mpaka kwenye viti. Huyo alitua salama lakini alikuwa amekalia jiko.

Na ukisikia harufu ya waya unaungua, hapo hakuna kutafuta breka, zima swichi kuu kwanza. Hewa na hita funga, kizimamoto mkononi, moto ukishakufa ndiyo unafungua hewa utoe moshi.

---

Kipanga 172

Mimi nitakuwa tofauti kidogo na naomba tusigombane. Mchana, hewa nyeupe, injini nzima, giro zako kuu, ya upeo na ya mwelekeo, zinaenda kwa pampu ya upepo siyo umeme, tableti unayo. Kwa nini usingeenda KIA (uwanja wa Kilimanjaro), ranwei kubwa, mafundi wapo? Kugeuka nyuma mimi naona ni hofu tu. Rubani ajifunze kuruka bila umeme, babu zetu wa anga waliruka hivyo.

---

Mbawa za Pwani

Mkuu Kipanga hatugombani, hoja yako ndiyo ileile iliyokuwa kichwani mwangu nikiwa Mombo ndiyo maana naijibu kwa uzito.

KIA kutoka pale ni maili 110 na zaidi, saa nzima na dakika kadhaa. Tanga kwa njia niliyopita ni kama maili 55. Na huko mbele kila kitu kinapungua kwa pamoja, mwanga unapungua, betri inapungua, na viwanja vilivyoko njiani vinapungua. Ukienda Tanga unatua kabla havijaisha. Kuruka bila umeme naweza, umeona niliruka karibu nusu saa swichi kuu imezimwa. Ila sikutaka nikute shida ya pili nikiwa sina cha kuitatulia.

Kuna ajali moja huwa naisoma kila mwaka. Tarehe 11 Oktoba 1983, Marekani, Air Illinois 710, Hawker Siddeley 748, ndege ya abiria ya injini mbili, wanatoka Springfield usiku kwenda Carbondale. Dakika chache baada ya kuruka jenereta ya kushoto ikafa. Kwa bahati mbaya rubani msaidizi akaitenga ile ya kulia, iliyokuwa nzima, na haikurudi. Springfield ilikuwa bado iko hapo nyuma yao. Nahodha akaamua kuendelea Carbondale kwa betri. Safari iliyobaki ilikuwa ndefu kuliko betri. Wamo kwenye wingu, giza, wakazima hiki, wakazima kile, mpaka vyombo vikafa. Wakaanguka karibu na Pinckneyville, watu wote 10 wakafa. Betri haikuwadanganya, ilitoa ilichokuwa nacho ikaisha.

Hao walikuwa marubani wa kazi, kurusha ndiyo mshahara wao wa kila siku, siyo mimi na saa zangu mia na ushee. Kila nikifika kwenye ile sehemu ya Springfield iko nyuma nasimama kusoma kwanza. Kwa hiyo mkuu, kugeuka mimi siuiti hofu.

---

Kipanga 172

Nimekuelewa mkuu. Hiyo ya mwanga na betri kupungua kwa pamoja sikuifikiria hivyo.

---

Binti wa Wilson

Habari zenu kaka zangu. Mimi narukia Wilson, Nairobi, na kwetu pale msongamano ni mkubwa, ukipoteza redio kwenye saketi ya Wilson (mzunguko wa kuja kutua) asubuhi unaanza kuomba. Niongeze mawili matatu.

Transponda, mkiona alteneta imekufa na betri bado ipo, weka 7600 (namba ya kuwaambia watu wa rada huna redio) mapema kama redio imeanza kukwaruza. Watu wanakumbuka 7600 wakati betri imeshakufa, na transponda iliyokufa haitumi namba yoyote.

Halafu taa za mnara. Jamani hizi tunazisoma kwa ajili ya mtihani tunazisahau siku ya pili. Ukiwa hewani huna redio, kijani isiyokatika umeruhusiwa kutua. Kijani inayomweka rudi uje kutua, subiri ile ya kutokatika. Nyekundu isiyokatika mpishe mwenzako uendelee kuzunguka. Nyekundu inayomweka kiwanja si salama usitue. Nyeupe inayomweka tua hapa kisha nenda kwenye maegesho. Unajibu kwa kutikisa mbawa mchana. Mimi mwalimu wangu aliwaomba watu wa mnara siku moja jioni watuonyeshe kweli kweli, na nawaambia ile taa mchana wa jua ni kitone tu, usipojua pa kuangalia hutaiona. Kaombeni kuonyeshwa, watu wa mnara hawana shida, tena wanafurahi.

Na redio ya mkononi. Kaka Mbawa sijaona umeitaja. Unayo?

---

Mbawa za Pwani

Dada asante sana. Siku ile sikuwa nayo. Sasa ninayo, na nimenunua na kile kiunganishi cha headseti, maana redio ya mkononi bila headseti ndani ya 172 huwezi kusikia kitu, injini inakufunika, unabaki unapiga kelele kwenye plastiki. Nimeijaribu hewani na mwalimu, kwa antena yake ile fupi inafika maili chache tu, siyo redio ya kuitegemea uko Same, ila ukiwa karibu na kiwanja inatosha kabisa. Betri zake nachaji kila Ijumaa usiku.

---

Mzee wa Magurudumu

Vijana wangu, wote mnaongelea 172 ambayo magurudumu yamekaa chini siku zote. Sisi tunaorusha ndege za kukunja miguu, umeme ukikatika ndiyo kazi inaanza. Nilirusha Cessna 210 miaka mingi, magurudumu yanashushwa na pampu inayoendeshwa na umeme. Ikifa kuna mpini wa pampu ya mkono, unaushusha kati ya viti, unapiga, unapiga, mkono unachoka, huku unarusha kwa mkono mwingine, na zile taa za kijani za kukuambia yameshuka yamefunga hazina umeme wa kuwaka. Utajuaje? Unasikia kwenye mpini umekuwa mgumu, na unachungulia dirishani. Ushauri wangu kwa wenye 210, Arrow na jamaa zake, kwanza soma namna ya ndege yako, hazifanani, Arrow yenyewe miguu inaachiwa ishuke kwa uzito wake. Pili, kazi hiyo ifanye mbali na kiwanja, juu, taratibu, usiingie nayo kwenye saketi. Na ikiwezekana wacha betri kidogo kwa ajili ya taa zile tatu za kijani, mimi ningezima hata redio ili nizione.

Kingine, Cessna 172 honi ya kukuambia unapoteza mwendo ni ya upepo, inalia bila umeme. Piper nyingi ni ya umeme. Mtoke kwenye moja kwenda nyingine mkilijua hilo, haswa mkija bila flapu.

---

Mbawa za Pwani

Mzee shikamoo. Hiyo ya honi sikuijua kabisa upande wa Piper, na nimepanga kurusha Cherokee mwezi ujao. Nimeiandika.

---

Rubani Mtarajiwa

Samahani tena wakuu. Ndege ya shule yetu ni ile 172S yenye vioo, yaani skrini za G1000 badala ya geji, haina geji za mishale isipokuwa zile tatu ndogo chini. Je, nasi tunakwenda hivyohivyo? Vioo vikizima si ndiyo basi?

---

Fundi wa Hanga

Hapana siyo basi. Hiyo ina betri ya pili, ya akiba, iko kwa ajili ya kioo cha mbele yako na vichache vya lazima. Swichi yake ni lazima iwe kwenye ARM (yaani tayari kufanya kazi) kabla ya kuruka, na unaipima kwanza mpaka taa ya kijani ikubali. Nimekuta wanafunzi wengi wanaipima halafu wanaisahau imezimwa, maana yake akiba yako umeifungia kabatini. Na zile geji tatu ndogo, kimo, mwendo na upeo, zizoee, mwambie mwalimu afunike vioo kwa karatasi mkiwa hewani urushe kwa hizo tu. Volti kwenye kioo unaisoma kwa namba, kwa hiyo huna kisingizio cha jua kama Mbawa, ukiona imeanguka chini ya 25 na injini iko kwenye mwendo wa safari, kuna kitu. Ukiwa unatambaa chini injini iko polepole taa inaweza kuwaka yenyewe, hiyo ni kawaida, ongeza mwendo wa injini uone kama inazimika.

---

Rubani Mtarajiwa

Nashukuru sana fundi. Kesho saa tatu asubuhi nina saa na mwalimu, nitamwomba anizimie alteneta ghafla bila kuniambia tukiwa eneo la mazoezi. Kuna ubaya?

---

Mbawa za Pwani

Hakuna ubaya, ila mkubaliane chini kabla hamjaruka, mfanye mkiwa mnakiona kiwanja, mchana wa wazi, na asizime betri, azime upande wa alteneta tu. Redio ibaki. Mwambie akufanyie ukiwa unaongea au unasoma ramani, siyo ukiwa umekodoa macho kwenye dashibodi unasubiri. Na mpe saa ya mkono akuhesabie. Jioni rudi hapa utuandikie ilikuchukua sekunde ngapi kuiona taa.